Kigunia Kwenye Pikapu ya Baba

Hakuna kitu cha gari kinachoweza kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la tano, na leo nina malori manne ya kubeba majani chai. Lori likiumwa najua kwa kusikiliza tu. Lakini juzi huko Roret nilifungua chombo cha kuchujia hewa cha pikapu kuukuu ambayo mtu mmoja alikuwa anaiuza, nikakuta kigunia ndani; harufu ya gunia na petroli ikanipiga, nikakaa chini.

Pikapu hiyo ilikuwa ya baba nilipokuwa mtoto. Aliwabebea majirani majani mabichi ya chai hadi kiwandani. Asubuhi moja ya baridi pikapu ilikohoa, nikaihurumia. Ndama wetu tulikuwa tunawafunika gunia, kwa hivyo nikachana kipande, nikakiingiza pale inapovutia hewa.

Basi ikaanza. Baba akikanyaga mafuta mlimani, inarukaruka na kutoa moshi mweusi. Alibadilisha plagi, akauza ng'ombe akanunua kabureta. Kila ilipokohoa, nilisukuma kigunia ndani zaidi.

Siku ya mwisho ilizimikazimika njiani, tukafika kiwandani jioni. Karani akatia mkono kwenye majani, akakuta yamepata joto na kuharibika, akayakataa.

"Mzee, chai umetupikia tayari? Si ulete na maziwa!"

Watu wakacheka. Baba alicheka pia, kisha akamwaga majani ya majirani wote kando ya barabara. Pikapu aliiuza wiki hiyo, akarudi kuchuma chai ya wengine mpaka mgongo ukakataa.

Yule mtu wa Roret aliona ninavyokishika kigunia, akakataa kupunguza bei. Nililipa shilingi elfu thelathini na nne, mia tano, nikaichukua pikapu.