Jiko la Gesi Lenye Kitambaa

Niliposhika ile maikrofoni sikutaka kuirudisha, jamani. Wataalamu walikuja Musoma kukusanya maoni ya wananchi kuhusu sera ya nishati, na ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Mimi, fundi cherehani wa Nyakato, nikasimama nikatangaza kwamba kuni na mkaa ni mambo ya kale.

"Kwangu tunapikiaga gesi tu," nikasema. Makofi yakalipuka. Nikanogewa, nikaongeza, "Asiyeamini aje anywe chai."

Mama mmoja mtaalamu akafunga kompyuta yake. "Tunakuja, baba. Tunatafuta mifano kama wewe."

Nikawatangulia kifua mbele, majirani wakitufuata. Sebuleni jiko lilikuwa mahali pake pa siku zote, kando ya televisheni, limefunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na juu yake maua ya plastiki. Yule mama akainua kitambaa. Jiko lilikuwa bado na nailoni ya dukani.

Hapo mke wangu akaingia kutoka uani, macho mekundu kwa moshi, mkononi sufuria ya chai iliyojaa masizi.

"Mama Nyangeta," nikasema huku nikimkonyeza, "waeleze wageni kwa nini leo hukutumia gesi."

"Si uliniambiaga hiyo ni ya wageni, nisiiguse?" akajibu. "Haya, wageni ndio hawa. Wawashie."

Nikainama. Nikazungusha kitufe hiki, nikazungusha na kile. Kisha, mbele ya wote, nikalipuliza lile jiko kama ninavyopulizaga pasi yangu ya mkaa.