Siku Baba Alipookoka

Nikiikumbuka Ruiru ya mwisho wa miaka ya hamsini, hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilipokuwa ikilegea, kwanza naona ukungu, halafu kahawa iliyochanua nyeupe, halafu nasikia watu wakiimba bila kuwaona. Hao ni waliookoka. Uamsho wao ulitoka Ruanda, ukapitia Uganda, ukafika mpaka shamba la mzungu tulikochuma kahawa. Kwao, kuzaliwa kanisani hakukutosha. Ilibidi uitaje siku yako uliyookoka, usimame useme dhambi zako kwa sauti, uamini damu ya msalaba imekuosha, kisha uwaendee wengine na Biblia kwapani.

Mama alitangulia kuokoka. Akaacha ugoro, akamrudishia jirani sufuria aliyomwibia zamani, akamwombea baba miaka miwili, kila alfajiri, mpaka nikachoka kumsikia. Yeye alikuwa mke wa pili. Mama mkubwa, yule mke wa kwanza, alikaa Thika na watoto wake, na hatukuwa na ugomvi. Alikuwa akituletea ndizi.

Jumapili moja, karibu na meza za kuanikia kahawa, baba akasimama. Mama alinishika mkono kwa furaha. Baba alikiri pombe, akakiri kumpiga nyapara, na kila alipotua watu waliimba. Jua na nyimbo zilinilewesha, nikahisi miguu yangu haigusi chini.

Kisha akasema, "Nina wake wawili. Bwana amenionyesha wangu ni mmoja, yule wa kwanza."

Nilimtazama mama. Nilitaka apige kelele, mimi ningepiga. Mume wake, nyumba yetu, jina lake la mke wa mtu, vyote vilikuwa vinaondoka mchana kweupe huku watu wakitoa machozi ya shukrani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini nani alimwambia atainama kiasi hiki? Niliwachukia wote, na baadhi yao sijawasamehe.

Desturi yao ilikuwa kumpokea mwongofu kwa mkono, mmoja mmoja, kama jamaa wa nyumba moja. Baba akapita kwenye mstari, akafika kwetu, akamnyooshea mama mkono.

"Bwana asifiwe, dada."

Mama aliutazama ule mkono kitambo. Kisha akaushika.

"Asifiwe, ndugu," akamjibu.

Jioni mama alimfungia baba nguo zake, akamkunjia hata shati lililokuwa bado bichi.