Mbuzi Walirudi Wote

Daktari wa Kitengela alinipa fomu mbili. Ya kwanza niijaze mwenyewe. Ya pili ijazwe na mtu aliyenijua kabla sijafika miaka kumi na miwili. ADHD ya mtu mzima, ile shida ya akili kutotulia kwenye jambo moja, alisema, lazima iwe ilionekana tangu utotoni. Mtu huyo alikuwa mama, na mama tulimzika miaka minne iliyopita. Nilikasirika pale kitini, kana kwamba fomu ilinichokoza makusudi.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, kazi tatu zimeniponyoka, na sufuria nilizounguza sijui idadi yake. Nilitaka tu mtu aniambie kama mimi ni mvivu au la. Kwenye fomu yangu, palipoulizwa kama nilikuwa nikipoteza vitu nikiwa mdogo, niliandika "mara nyingi", kisha nikaongeza pembeni kwa majivuno: isipokuwa mbuzi. Mbuzi sikupoteza hata mmoja. Hilo ndilo jambo moja nililojua nimewahi kulifanya vizuri.

Jumamosi nikaenda Bisil kwa baba na fomu zote mbili. Kwetu mifugo haihesabiwi, ni mwiko. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akisimama langoni jioni, akiwatazama mbuzi wakiingia, na kwa rangi zao tu akajua nani hayupo. Kisha akasema, "Wako wote." Nilikuwa nikilala na maneno hayo kama blanketi.

Nikamsomea maswali. Mengi alijibu, "Hiyo ni mama yako alikuwa anajua." Tulipofika kwenye kupoteza vitu, nikamwambia mbuzi tusiwaweke.

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Nakerai, mtoto wangu, si wewe ulikuwa unawaacha huko korongoni ukiangalia siafu? Mama yako ndio alikuwa anaenda kuwatafuta, anawapitisha nyuma ya boma. Mimi nilikuwa naona. Nangoja waingie, ndio nasema wako wote."

"Na mbona hamkuniambia, Baba?"

"Alinikataza. Alisema ukijua, utaogopa kuchunga."

Niliyakata kwa kalamu yale maneno ya pembeni. Nusura nichane karatasi. Nilikumbuka miguu ya mama jioni, mikwaruzo ya miiba mpaka magotini, nami nikidhani ni ya kuni. Alikuwa akinipakulia uji kwanza, akiniuliza mbuzi wangu wameshindaje. Nami nilimjibu kama mchungaji hodari, nikijisifu, na yeye akiitikia tu.

Wiki iliyofuata daktari alisoma fomu zote mbili polepole. Akaniambia ni ADHD, tena imekuwapo siku zote, na uvivu haumo humu. Akanisogezea glasi ya maji, akauliza najisikiaje.

Nilikuwa nimelingoja jibu hilo tangu shule ya msingi. Nikamwambia namtaka mama yangu.