Nilivyokutana na trip hop hapa Tunduma, nikiwa naharibu kaseti ya mwalimu wa kwaya

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya. Leo nimeona na mimi nitoe changu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Uzi una urefu kidogo. Mwenye haraka ajimiminie chai kwanza.

Nina studio hapa Tunduma, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, upande ule malori yanakopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Nikisema studio msifikirie makubwa. Kompyuta moja, kinanda kimoja, spika mbili nzuri, na magodoro nimeyagongomelea ukutani kuzuia mwangwi.

Wateja wangu wakubwa ni kwaya. Wanatoka Mlowo, Vwawa, Ileje, wengine wanapanda kutoka bondeni Momba. Wanakuja na sare zao kabisa kama vile sauti inavaa sare.

Sifa yangu mjini ni moja: usafi. Mimi sauti yangu haina mchanga. Upepo natoa, mluzi natoa, kikohozi cha mzee wa besi natoa. Watu wakaniita Sabuni, na mimi nikaandika hivyo hivyo mlangoni.

Hiyo sifa ndiyo iliyoniponza.

Siku moja asubuhi akaja mzee mmoja kutoka Ibaba, kule juu Ileje. Mwalimu Kibona. Amekuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi sana, mrefu, koti lake safi, shingoni kafunga skafu.

Nikamwamkia. Akaitikia kwa mnong'ono. Nikadhani ana mafua.

Kumbe alifanyiwa upasuaji wa koo zamani. Sauti haikurudi. Anaongea kwa pumzi tu, na wewe unalazimika kumsogelea.

Akatoa kaseti moja, kaifunga kwenye leso, leso kaitia kwenye nailoni. Ndani kuna wimbo mmoja ambao yeye ndiye aliuongoza kwa sauti yake, enzi hizo ana sauti. Nakala nyingine hakuna popote.

Kwaya yake ilikuwa inajiandaa na jubilei, na viongozi walikubali wimbo ule upigwe kanisani siku hiyo.

Akanisogelea sikioni akasema, "Hawa watoto wa kwaya wananijua kama mzee wa kuongoza kwa fimbo tu. Wanadhani nilizaliwa hivi."

Wakuu, hayo maneno yalinikaa. Nikamwambia mwalimu, acha kwangu, hiyo kaseti utaisikia kama imerekodiwa jana.

Basi nikaingia kazini. Deki niliazima kwa jirani fundi redio. Mkanda ulikuwa umegandamana, nikaufungua, nikauzungusha kwa peni taratibu kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. Ukacheza. Nikauingiza kwenye kompyuta.

Sauti ya mwalimu ilikuwemo. Ila juu yake kuna kelele moja inaenda shaaaa, mwanzo hadi mwisho, haikatiki.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa vita. Nikaisafisha mara ya kwanza, ikapungua. Nikarudia. Nikarudia tena. Mwishoni shaaa ikaisha kabisa, kimya safi, nikajipongeza.

Halafu, kwa mazoea yangu, nikafuta faili la mwanzo. Kompyuta yangu haina nafasi, na Sabuni hatunzi nguo chafu. Ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Mwalimu akarudi wiki iliyofuata. Nikamvalisha hedifoni, nikabonyeza, nikakaa pembeni nasubiri kusifiwa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akavua hedifoni, akazilaza mezani taratibu.

"Huyu ni nani?" akanong'ona.

Nikasema ni wewe mwalimu.

Akatikisa kichwa. Hakugomba. Alisema tu kwamba huyu anaimba akiwa ndani ya pipa, tena anapiga kelele bila sababu. Akaniambia nijaribu tena, akaondoka zake.

Nikaisikiliza upya, na kweli. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemezwa na simtanki. Tena anaimba kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu anayefoka kwenye chumba kitupu. Niliona aibu jamani. Na faili la mwanzo nimeshalifuta.

Nikairudia kaseti kwenye deki ili niingize upya. Nilipokuwa nairudisha mwanzo, mkanda ukakatika.

Niseme ukweli, nilifunga studio nikaenda kukaa nje.

Sasa hapo ndipo anaingia Ba Mwansa.

Huyu ni dereva wa lori, Mzambia wa Kitwe, mtu mzima mwenye tumbo lake na utani wake. Hapa mpakani mtu wa kumheshimu tunamwita Ba. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye foleni kusubiri karatasi, na kwangu hupenda kuja kwa sababu kuna kivuli na umeme wa kuchajia simu.

"Mulishani, fundi," akanisalimia. "Mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

Nikamwambia kazi imenishinda. Akasema basi fungua hizo spika zako, yangu moja kwenye gari imekufa, nataka nisikie muziki wangu vizuri walau leo. Akanipa flash.

Nikachomeka. Mafaili yote hayana majina. Track 01, Track 02, mpaka mwisho.

Wakuu, kilichotoka sikuwahi kukisikia. Ngoma nzito, inakuja polepole mno, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Besi inatembea chini chini. Na juu ya vyote, kitu kinachemka: krrr, krrr, krrr, kama mahindi yanayoungua kwenye jiko.

Mimi ni fundi, nikafanya kazi yangu. Nikamwambia, "Ba Mwansa, mafaili yako mabovu. Niachie nikusafishie."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Awe, hapana, fundi. Usiguse. Hilo vumbi wameliweka wenyewe."

Nikamwangalia. Nani anaweka vumbi kwenye muziki kwa makusudi? Mimi nakula kwa kulitoa.

Akaniambia huo muziki unaitwa trip hop. Aliupata kwa mwajiri wake wa zamani kule migodini, na tangu hapo ndio wa barabarani kwake. Anasema wimbo wa haraka unamfanya akanyage mafuta, huu unamfanya afike. Jioni karatasi zake zikatoka, akanigawia nakala akavuka.

Hapo mimi nikashikwa na udadisi ambao sikuwa nao tangu najifunza kinanda.

Nilisikiliza siku tatu. Wimbo wa kwanza niliusubiria sebene mpaka ukaisha, halikuja. Mnajua sisi wa kwaya, wimbo bila sebene mwishoni ni kama ugali bila mboga. Kuna mwenyekiti wa kwaya moja ya Mlowo alikuwa ameketi anasubiri zamu yao, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Fundi, hawa wenzetu wanaanza saa ngapi?"

Mke wangu aliposikia dada mmoja anavyoimba humo akauliza, "Huyu amefiwa na nani?"

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Nikakuta asili yake ni mji wa Bristol, Uingereza, mji wa bandari. Vijana wa pale miaka ya tisini, wengine wazazi wao walitoka Jamaika, walikulia kwenye maspika makubwa ya mtaani. Wakachukua biti za hip hop wakazipunguza mwendo, wakaweka besi ya kwao Jamaika, wakakata vipande kwenye santuri za zamani za jazz na za muziki wa filamu, wakashona pamoja.

Ile krrr ni ya sindano kwenye santuri. Hawakuitoa. Walipokata kipande cha mtu aliyeimba zamani, walikichukua na chumba alichoimbia.

Niliposoma kuhusu hiyo krrr niliacha kula, nikaangalia ile kaseti mezani.

Niwape kidogo wasanii. Majina nilikuja kuyajua, ila nitawaacha na lakabu nilizowapa mimi kabla sijajua, wajuzi mtawatambua wenyewe.

Kuna kundi nililoliita Wale wa Besi. Hao ndio kama wazee wa ukoo wote. Kila wimbo wanaleta mwimbaji mwingine, wao wenyewe wanakaa nyuma kama watu wa jikoni kwenye harusi.

Kuna Dada wa Baridi na wenzake. Huyo ndiye mke wangu alimpa pole. Anaimba kwa sauti nyembamba inayotetemeka, nyuma kuna vinanda vya filamu za kijasusi. Nilimsikiliza mara nyingi kuliko wote, na sijui Kiingereza chake nusu, ila najua anamwambia mtu abaki.

Na kuna mmoja nilimwita Mnong'onaji. Haimbi, haongei, yuko katikati. Pumzi inakwaruza. Yeye nilimpenda ghafla, kwa sababu alinikumbusha sauti ya mwalimu Kibona.

Nimesoma pia kwamba wengi wao hawalipendi hilo jina la trip hop, waandishi ndio waliwabandika. Nikacheka. Na mimi kuna watu wameniita Sabuni.

Sasa turudi kwa mwalimu.

Jubilei ilikuwa Jumapili. Na sasa ilikuwa Jumatano tayari. Nikampigia, simu akapokea mjukuu wake, kwa sababu babu kwenye simu hasikiki. Nikasema namwomba mwalimu aje, nina jambo la kumwambia ana kwa ana.

Akaja Alhamisi kabla ya saa sita. Nikamweleza yote. Kwamba faili nililifuta. Kwamba mkanda ulinikatikia mkononi, nimeuunga kwa gundi ya karatasi, na unaweza kucheza mara moja tu au usicheze kabisa. Kama ukikatika katikati, ndiyo basi.

 Huyu mzee angenitukana ningeona haki yake.

Akaitazama kaseti. Kisha akanong'ona, "Cheza, mwanangu."

Nikabonyeza. Mkanda ukapita pale kwenye kiungo, ukaruka kidogo, ukaendelea. Ukafika mwisho. Umeingia wote. Safari hii nikatunza nakala tatu kabla sijagusa chochote.

Na sikuosha. Nilipandisha tu kidogo pale sauti yake ilipo, nikaacha shaaa yote ikae ilivyo. Nikamvalisha hedifoni.

Mwanzoni alikuwa anaangalia sakafu. Halafu mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, akaanza kuongoza. Ubeti wa pili akafumba macho.

Ulipokwisha akanivuta karibu.

"Mvua," akasema.

Nikamwambia sijaelewa.

Akanieleza, kwa pumzi yake ile, anapumzika kila baada ya maneno machache. Siku ile ya kurekodi, fundi alitoka Mbeya na mashine yake, na basi lake lilikuwa linarudi siku hiyo hiyo. Mvua ikashuka Ibaba, kubwa, juu ya bati la kanisa. Wanakwaya wakataka kuahirisha. Yeye akawaambia tutaimba juu yake.

"Ndiyo maana niliimba kwa nguvu vile," akasema. "Ulipoitoa mvua, nikabaki nafoka peke yangu."

 Wiki mbili nzima nilikuwa napambana na bati la kanisa.

Niwaambie na ujinga wangu wa mwisho. Kwa sababu ya kunogewa na trip hop, nilikuwa nimetengeneza ngoma ya polepole na besi yake, nikaiweka chini ya ule wimbo. Nikamchezea. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Hiyo ngoma inamsubiri nani?"

Nikaizima. Ila hiyo nakala ninayo, siku nikiwa peke yangu naisikiliza, na kwangu ni tamu.

Jumapili nikapanda Ibaba. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Kanisa limejaa, kwaya ya vijana wamesimama mbele na sare mpya, mwalimu amekaa mstari wa mbele na skafu yake.

Nikabonyeza.

Ile shaaa ilipojaza kanisa, vijana wa kwaya wote wakainua macho kwenye bati. Mmoja akageuka kuangalia dirishani. Jua.

Halafu sauti ikaingia, kubwa, ya mwanaume wa nguvu zake, anaimba juu ya ile mvua kama hataki kusalimu amri. Akina mama wa kwaya ya zamani, kule nyuma, wakaanza kulia, wanaijua ile siku. Vijana wakashusha macho kutoka kwenye bati, mmoja mmoja, wakamwangalia mzee wa fimbo.

Yeye alikuwa anaongoza kwa mkono mmoja, na mdomo wake ulikuwa unaimba.

Niliona aibu kulia nimeshika kompyuta, lakini nililia.

Nilichojifunza ni hiki: si kila unachokiona uchafu ni uchafu. Mimi fundi wa kusikia nilihitaji watu wa Bristol na dereva wa Kitwe wanifundishe kusikia bati la Ileje.

Mwenye kaseti za wazee ndani, asikimbilie kuziosha. Wajuzi wa trip hop, nileteeni lakabu zangu na majina yao hapo chini, na mnitajie wengine wa kuanza nao, maana ile flash nimeimaliza na Ba Mwansa bado hajarudi. Mwenye kuniona mshamba naye aseme tu, nitasoma.

Mlangoni bado pameandikwa Sabuni. Ila siku hizi mtu akija na kaseti, kabla sijaipokea namuuliza kwanza: siku hiyo kulikuwa na hali gani ya hewa?