Isale Haimo Katika Luka

Kosa langu la mwanzo katika kusoma Biblia lilikuwa kudhani kila mfano una maana moja tu, na kwamba nisipoipata nimeshindwa. Sikusomea mambo haya, ndugu yangu. Nilijifunza mwenyewe, kwa hofu. Juzi, ibadani hapa Moshi mjini, uliposomwa katika Luka mfano wa mwana mpotevu, nilikaa kwenye benchi kama mtu aliyekalia miiba. Mawazo yalikuwa yamenirudisha Machame, kwa bibi.

Ilikuwa Desemba. Migomba imelowa, jiko la kuni linanukia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Baba mdogo alikuwa amerudi. Miaka ya nyuma aliuza kwa siri ng'ombe wa kaka yake, baba mkubwa, akatokomea Holili mpakani. Sasa aliomba kukaa tena nyumbani, na baba mkubwa alikuwa ameapa: huyo akilala hapa, mimi nahama.

Kwenye sala ya jioni nikapewa nisome. Nikauchagua mfano ule makusudi, na kabla mtu hajafungua mdomo nikatangaza, "Maana yake ni moja: kusamehe. Baba mkubwa asamehe tu."

"Ehe, mchungaji!" baba mkubwa akasema. "Na yule aliyebaki anakata majani ya ng'ombe, yeye hana maana?"

"Kaka, baba yao si alichinja ndama?" baba mdogo akajitetea.

"Mama wa ndama ulishamuuza!"

Tukacheka bila kutaka. Baba mkubwa akasimama, akachukua koti.

Bibi alikuwa akichochea moto. "Mimi naona jingine," akasema. "Yule kijana alimwomba radhi baba yake. Lakini kwa kaka yake hakupeleka isale."

Kwetu jani la isale ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa, ni vigumu kumfukuza aliyelileta. Baba mdogo akatoka, akalikata uani, akarudi akapiga magoti mlangoni. "Kaka, nimekukosea."

Baba mkubwa akaweka koti chini. Kisha akalipokea lile jani. "Utalala. Lakini alfajiri majani ya ng'ombe ni yako."

Baadaye nilihangaika sana. Isale haimo katika Luka, nilipekua mara nyingi. Lakini usomaji wangu ulikuwa unamtoa mtu nyumbani, na wa bibi ukawabakiza wote wawili.

Bibi hayupo tena, na jiko lile limebomolewa. Hofu ya kukosea bado ninayo. Kilichobadilika ni kwamba nikimaliza kusoma, nawasubiri wengine waseme kwanza.