Tope Likilainika, Usiutangazie Ukoo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na usianze kunicheka, maana siku yenyewe haiko mbali: mafuriko ya mto Tana ya mwaka jana tu, maji yalipokuwa yanashuka. Wazee wenye mvi hukumbuka zamani. Mimi bado navaa sketi ya shule, lakini aliyekuzaa ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na wewe ni mwanangu upende usipende. Basi nyonya polepole, usikilize mzee wako.

Kabla yako alikuwapo mwingine. Alitoka tumboni mapema mno, hata uso hatukuuona. Nyumba ya mamako Hawaye na yetu hapa kijijini Hewani zinagusana kivuli, na zote mbili zikawa kimya. Mimi na kimya hatuelewani. Nikamwambia, "Dada, huyo alichungulia tu, akaona pua ya baba yake, akarudi kujipanga."

Nyanya alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama. "Wewe mtoto, utani ni chumvi. Nani alikufundisha kuitia kwenye kidonda?"

Lakini pale mkekani Hawaye alikuwa anacheka, anacheka na machozi yanamtoka, mara ya kwanza tangu msiba ule. Nyanya akaushika tena ungo. "Haya," akaniambia, "lakini kwa kipimo."

Hawaye alipopona, akataka kujaribu tena. Kwenye simu yake kulikuwa na programu ya kuhesabu siku: kwenye siku nzuri za kushika mimba lilichanua ua jekundu. Baba yako Jilo huuza mbuzi Malindi. Ua likichanua, anaitwa. Anaacha mbuzi, anarukia basi. Subira huvuta heri, wanasema, ila basi la Garsen halina subira. Na kila hedhi ilipokuja, Hawaye alijifungia chooni na kufungua mfereji ili tusimsikie. Akaanza kusema labda tumbo lake halitabeba tena.

Tukaenda zahanati, mimi nikiwa wa kumshikia mkoba, eti. Muuguzi akaiangalia ile simu, akatabasamu. "Mama, hii inauhesabu mwili wako wa zamani. Mimba ikitoka, mzunguko unaweza kuyumba, yai likawahi au likachelewa. Angalia ute wako wa ukeni. Ukiwa mwepesi, unateleza, unavutika kama ute wa yai bichi, siku zenyewe ndizo hizo. Msingoje ukauke. Na mkijaribu miezi ikapita bure, rudini wote wawili. Baba naye ana mwili."

Nyumbani nilipomweleza Nyanya, akapiga goti lake. "Kumbe ni tope! Sisi tunapanda mpunga kwa kalenda? Maji yakishuka unaingia shambani, unakanyaga. Ukipanda maji yakiwa mengi, mbegu inaelea. Ukingoja nyufa, inakufa. Tope likiteleza, basi. Kuteleza si kuanguka, na kwa jambo hili kuteleza ndiyo heri yenyewe."

Hapo ndipo msemo wao ulipozaliwa. Hawaye aliona haya kuandika neno ute, akawa anamwandikia Jilo: "Tope limelainika. Njoo leo."

Sasa sikia. Asubuhi moja aliona dalili, wazi kabisa, akaandika mbiombio kwa furaha, na ujumbe ukaenda kwenye kundi la ukoo mzima.

Adhuhuri haijafika, ami yetu huyu hapa na majembe mawili. Shangazi wawili wakatokea Golbanti na mbegu za mpunga kichwani. "Shamba gani hilo limewahi hivi?" ami akauliza. "Letu bado ni ziwa!"

Nyanya akasimama mlangoni. "Shamba hilo lina mkulima wake. Yuko kwenye basi. Nyinyi kunyweni chai."

Shangazi mkubwa akawa wa kwanza kuelewa; kigelegele chake nadhani kilisikika Garsen. Ami alihitaji vikombe viwili zaidi. Maskini Jilo, alipofika alikuta watu wamejipanga na majembe wakimwimbia, "Karibu mkulima!" Nusura ageuke arudi kwa mbuzi wake.

Hukuja mwezi ule, usijivune. Ulikuja baadaye, tope jingine, kwa ujumbe uliokwenda kwa mtu mmoja tu. Lakini zile mbegu hazikurudi Golbanti. Maji yalipokuja kushuka kabisa, miezi baadaye, ukoo ule ule ulizipanda kwenye shamba la mamako, yeye amekaa kivulini na tumbo lake, haruhusiwi hata kuinama. Uji wa mchele anaokunywa sasa, ambao wewe unaunyonya bila hata kusema asante, ni wa mbegu hizo. Asante nawapa mimi kwa niaba yako.

Basi shika haya, mwanangu. Simu ihesabu, lakini mwili ndio unaojua. Usikilize, na usipouelewa, muulize muuguzi bila haya. Aliyepoteza mimba usimwambie umefika wakati wa kujaribu tena. Wakati wake anaujua yeye. Mchekeshe, ila onja kwanza chumvi yako. Na kabla hujatuma ujumbe, angalia unamtumia nani.

Mola akupe mguu unaolijua tope, na ukoo kama huu wetu, unaofika na majembe hata kabla haujajua umeitiwa nini.