Mke Wangu Yuko Gazi

Kazi ya Nairobi ilikuwa ya mke wangu kabla haijawa yangu. Yeye ndiye aliyeliona tangazo kwenye simu ya mdogo wake, siku walipokuwa wamekaa barazani kwetu Gazi wakichambua mboga ya mchunga ya chakula cha mchana. Kampuni moja ya vitabu vya shule ilikuwa inatafuta mhariri wa Kiswahili, mtu aliyewahi kufundisha. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, na moyoni nilikuwa nimekwisha amua kwamba hapo ndipo nitakapostaafia. Aliniita nje, akanisomea lile tangazo mara mbili, kisha akasema, "Umesahihisha madaftari ya watoto mpaka macho yamekuisha. Nenda ukavisahihishe vitabu vyenyewe."

Niliandika barua ya maombi ili nimridhishe tu. Waliponiita kwenye mahojiano nilikwenda kwa sababu hiyo hiyo. Walipoandika kwamba wamenichukua, yeye ndiye aliyecheka kwa furaha, mimi nikakaa nikiwaza nitamwambiaje mwalimu mkuu.

Mungu hakutujaalia mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kutushika. Mke wangu alikuwa na kazi yake ya kuotesha miche ya mikoko pamoja na akina mama wenzake, na alirudi kila siku tope limemfika magotini. Nilimwuliza je, ataiacha? Alisema tope la Gazi halijapata kwenda mahali. Alitaka kukaa ghorofani. Hakuwahi kulala juu ya mtu mwingine, alisema, wala kuona paa la jirani kutoka juu. Nyumba tuliitafuta kwa picha za simu, naye akaichagua moja ya ghorofa ya nne kwa ajili ya dirisha la jikoni, lililokuwa pana. Alizungumza mwenyewe na msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji wote wanamwita keateka, akamwambia tunakuja wawili.

Wiki tatu kabla ya safari alianguka jikoni. Ilikuwa asubuhi, anakuna nazi. Presha alikuwa nayo miaka mingi, na dawa alizimeza siku alizozikumbuka. Mimi nilikuwa chumbani nikisoma. Nilisikia mbuzi ya nazi ikipinduka, nikadhani ameinuka kufuata kitu, nikaendelea mpaka nikaumaliza ukurasa. Ukurasa ule sikumbuki ulisema nini. Nilipotoka nilimkuta amelala ubavu, machicha yamemwagika mkononi mwake, jicho moja linanitazama na jingine halinitazami.

Hospitalini Msambweni walituambia ni kiharusi. Alikaa mchana na usiku kucha bila kusema neno. Nilimshika mkono uliokuwa bado una nguvu, naye alinibana vidole, akiniachia na kunibana tena, kama mtu anayehesabu. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, aliacha kubana. Tulimzika Gazi baada ya swala ya alasiri.

Kampuni ilikubali kunisubiri mpaka arobaini ipite. Nilitaka kuwaandikia kwamba siendi tena, lakini mama mkwe wangu aliniita, akanikalisha mkekani, akasema, "Yeye alitaka uende. Usimfanye aliyetaka jambo akawa hakulipata." Basi nikaenda.

Keateka alikuwa akinisubiri mlangoni mwa jengo. Alinipa mkono, akatazama nyuma yangu, akauliza mama yuko wapi. Nikamjibu, "Yuko Gazi." Akauliza atakuja lini. Nilifungua kinywa nimweleze, na kikatoka kitu kingine. "Bado kidogo," nilisema. Yeye akacheka akasema wanawake wana mizigo mingi, akanipa funguo mbili, wangu na wake.

Sikulipanga. Nimejiuliza mara nyingi tangu hapo, na jibu langu ni lile lile: nilikuwa nimechoka, na mtu yule alikuwa mgeni kwangu. Lakini Jumatatu, siku yangu ya kwanza kazini, walinipa fomu ya kujaza, na kwenye hali ya ndoa kulikuwa na nafasi tatu: sijaoa, nimeoa, mjane. Kule kwetu mjane ni mwanamke aliyefiwa na mume. Mwanamume aliyefiwa na mke huitwa mgane. Nilijiambia kwamba neno langu halimo kwenye fomu, nikatia alama kwenye nimeoa. Mhariri aliyeajiriwa kurekebisha maneno ya watu, na neno lile moja nikaliacha lilivyo.

Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Vijana wa ofisini walinipokea vizuri. Walizungumza Kiswahili chao cha Nairobi, nusu Kiingereza na nusu Sheng, na niliposema "nimekwisha kula" walirudia kwa zamu wakicheka, si kwa dharau. Waliniita Mwalimu. Mkuu wa kitengo chetu, dada mmoja wa umri wa wanafunzi wangu wa mwanzo, aliniletea miswada mezani na kuniuliza mambo ya ngeli kwa adabu. Saa za kazi zilipita. Ni nyumbani ndiko saa zilikokuwa nzito. Nilipika wali wa watu wawili wiki nzima kabla mkono haujajua kipimo kingine. Julai ilikuwa na baridi ambayo sikuwa na nguo zake. Milango ya jirani zangu ilikuwa imefungwa mchana na jioni, na watu walipishana kwenye ngazi bila salamu.

Isipokuwa mmoja. Chini yangu, ghorofa ya tatu, aliishi mama mmoja wa Kikamba, mtu mzima anayekaribia sabini, aliyekaa peke yake. Aliweka kigoda nje ya mlango wake, penye mwanga, akasuka viondo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Mikono yake ikasimama. Aliniambia hajaamkiwa hivyo tangu aje Nairobi, ila na redio. Kisha akaitikia marahaba, na akaniuliza, je, mimi ndiye yule mwalimu wa juu ambaye mkewe bado hajafika?

Keateka alikuwa amekwisha msimulia. Nilisema ndiye mimi.

Tangu hapo sikupita pale bila kusimama. Aliniuliza habari za mke wangu, nami nikampa. Nilimwambia anapika mkate wa kumimina usiotofautiana na wa mtu yeyote, lakini ukimwambia hivyo anakununia. Nilimwambia anaota miche ya mikoko usingizini na kuizungumzisha. Nilisema anapika, anaota, ananuna, wala ulimi haukujikwaa. Ilikuwa raha, sitasema uongo juu ya hilo pia. Nusu saa kila jioni mke wangu alikuwa na shughuli zake Gazi, na mimi nilikuwa mume anayengoja.

Jumamosi moja yule mama aliniuliza mke wangu anapenda rangi gani. Nilisema zambarau. Baada ya siku chache niliona ameanza kiondo kipya, katani nyeupe na mistari ya zambarau. Sikuuliza, naye hakusema, ila aliniambia tu kwamba mtu akihamia mahali pa ugeni lazima awe na kitu cha kwendea sokoni. Hapo nilipaswa kusema. Nilipanda ngazi na kusimama jikoni kwangu, na nilijiapia kwamba kesho nitamwambia. Kesho yake kiondo kilikuwa kimepanda vidole viwili. Kila siku kilivyopanda ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi. Mwishoni nilianza kupitisha macho mbali na mikono yake, nikimsalimu huku natazama ukuta.

Kule Gazi nako walikuwa na wasiwasi. Kwenye simu nilisema niko salama, alhamdulillahi, na sikuongeza neno. Mama mkwe aliona maneno yangu ni machache mno, akamtuma mdogo wa mke wangu aje anione kwa macho. Kwa heshima alifikia kwa jamaa zao huko South C, na kwangu akaja mchana wa Jumamosi, na buibui lake, amebeba nazi na papa mkavu na mchunga uliofungwa kwenye gazeti. Amefanana na dada yake kimo, na mwendo, na sauti akiwa mbali.

Hakuwa amemaliza kuvua viatu mlango ulipogongwa. Keateka alikuwa amekwisha mwona akipanda na kapu, akamwambia yule mama wa chini kwamba mke wa mwalimu amefika. Mama wa watu alikuwa amebadili nguo. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani, na kiondo kilikuwa mikononi mwake, kimekamilika, kimetiwa mkanda wa ngozi. Alinipita kama sipo. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, akamshika mikono yote miwili, akamwambia amemsubiri sana, akampa kile kiondo.

Shemeji alinitazama. Nilijua anangoja nizungumze, nami nikakitazama kiondo.

"Mama," alisema polepole, "mimi si mkewe. Mkewe ni dada yangu. Dada yangu tulimzika kabla huyu hajaja huku."

Yule mama alikitwaa kiondo mikononi mwa shemeji. Akakilaza juu ya meza taratibu, akatoka. Tulimsikia akishuka, anapumzika kila baada ya ngazi mbili tatu. Sikumfuata. Nilifunga mlango.

Shemeji alikaa kitini. Nilidhani atanigombeza, maana kwetu yeye ndiye mwenye maneno. Aliniuliza tu nilikuwa nikiwaambia watu hapa kwamba dada yake yuko wapi.

"Gazi," nilisema.

Akafikiri. "Kweli yuko Gazi," alisema, na hapo ndipo akaanza kulia. Nami nililia, mara ya kwanza tangu mazishini, kwa sauti, mpaka jirani wa pili akazima redio yake.

Siku ya pili niliteremka. Mlango ulikuwa umefungwa na kigoda hakipo nje. Nilibisha, nikabisha tena, akafungua na hakunikaribisha. Nilimwomba radhi pale pale kizingitini. Nilisema sikumdanganya kwa ubaya, nilikuwa nimeshindwa kulisema neno lenyewe, na kiondo nimemrudishia.

Hakukipokea. Aliniambia ameishi peke yake miaka tisa katika jengo hili, na kwamba miezi hii miwili alikuwa na mtu wa kuzungumza naye alipokuwa akisuka. Alikuwa amempangia mke wangu soko atakalompeleka kwanza, na muuza mboga asiyepunja. "Wewe ulifiwa ukajificha," alisema. "Sasa na mimi nimefiwa, na mtu mwenyewe sikuwahi kumwona."

Nilibaki na kiondo mkononi. Alifungua mlango zaidi, akasema niingie nimwambie alikufa vipi, maana hilo alikuwa na haki nalo. Nilikaa kwenye kochi lake, nikamweleza yote, mpaka ile sauti ya mbuzi ya nazi ambayo sikuwa nimemwambia mtu, hata mama mkwe, na ule ukurasa nilioumalizia. Hakuniambia kwamba si kosa langu. Aliuliza kama alikuwa na maumivu, nikasema sijui. Akanitilia chai.

Kazini nilikwenda kwa yule dada mkuu wa kitengo, nikamwomba ile fomu, nikairekebisha. Aliniambia pole, na alionekana kutaka kuuliza zaidi, lakini aliniacha. Wenzangu walipopata habari walichanga, kama ilivyo desturi, nami nilipokea rambirambi za msiba wa miezi minne kwa uso wa aibu.

Yule mama hakurudisha kigoda chake nje. Husema baridi imezidi. Nikipita hugonga mlango, naye huitikia, mara nyingine hufungua na mara nyingine hunijibu kutoka ndani kwamba hajambo. Siku za mwanzo hazikurudi, na sikutarajia zirudi.

Mwisho wa mwaka nilipata likizo, nikaenda nyumbani. Nilimzuru mke wangu kaburini, nikamsomea Yasini, nikakaa na mama mkwe wangu siku nne. Aliniuliza nyumba ya Nairobi ikoje. Nilimwambia ina dirisha pana jikoni. Aliitikia kwa kichwa. Shemeji alikuwa amenisubiri ili tugawe nguo za marehemu, jambo nililokuwa nikiliahirisha tangu arobaini. Tulizitoa sandukuni, tukazipanga, zikaenda kwa wale akina mama aliokuwa akifanya nao kazi. Sikubakisha yoyote. Nilifikiri nitataka kubakisha, lakini ilipofika zamu ya kuchagua sikuweza kuchagua.

Siku ya kuondoka nilitoka mapema kwenda barabarani na begi langu. Mbele yangu alikuwa akitembea mwanamke mmoja, amejitanda leso ya mke wangu, ile nyekundu yenye nakshi za misumari aliyoipenda kwa safari. Alikuwa anakwenda upande wa mikokoni. Nilipunguza mwendo. Yeye akasikia nyayo, akageuka, akanitambua, na mkono wake ukaenda kwenye ile leso kama anayetaka kuivua.

Nilimwambia, la, imempendeza.

Akaniamkia. Niliitikia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha kila mmoja akashika njia yake.